Tulivyolipeleka Jino la Zuhura Dar es Salaam

Jamani, mmeniuliza tangu niliposhuka kwenye lori, na kila aliyeuliza nimemjibu. Tatizo ni kwamba kila jibu lilitoka tofauti na lililotangulia, mpaka mke wangu akaniambia, "Sele, wewe ama mwongo ama hukuwepo." Kwa hiyo nimekaa niandike. Shule yangu mnaijua, iliishia darasa la nne, mwalimu alipoona nimeelimika vya kutosha kuchunga mbuzi wake. Nikichanganya mambo mnisamehe. Nikimsema mtu vibaya nitajaribu kutaja na jema lake, kama analo.

Swali lenu kubwa ni hili: jino tu, kwani huku koleo hakuna? Koleo lipo. Lakini mnamkumbuka mdogo wetu Hamisi. Aling'olewa jino asubuhi, damu ikakoma, mchana akala ugali na kutania watu. Kesho yake damu ikaanza upya, siku ya nne tukamzika. Kabla yangu mama alizaa mtoto ambaye kitovu kilipodondoka hakikukauka tena. Na Zuhura mwenyewe, kitinda mimba wetu, alipojikata na jembe, kidonda kilifunga vizuri siku ya kwanza, kisha kikafunguka kama mlango usio na komeo. Siku kumi na moja alilala chini. Kwa hiyo shavu lake lilipovimba kwa jino bovu la nyuma, mafundi wote wa koleo hapa kijijini, na ni wengi, wakakumbuka kwamba wana palizi.

Kijijini mpaka Lindi

Tulipanda lori la ushirika, juu ya magunia ya korosho. Zuhura alifunga kichwa kwa kanga kuanzia kidevuni, shavu limetoka kama amebana limau zima. Maneno alikuwa hawezi. Hilo mlishike, maana safari nzima watu walimsemea, mimi nikiwa wa kwanza.

Lindi tulimkuta mganga mmoja mzee wa hospitali, mtu msafi sana. Alimdunga Zuhura kidoleni, akawa anafuta damu kwa karatasi huku anatazama saa. Haikuchukua muda, damu ikakoma.

"Inaganda kama yangu," akasema. "Mzima huyu. Nimng'oe?"

"Hapana, mzee. Itatoka kesho."

"Kesho?"

"Kesho au keshokutwa. Sisi kwetu inatoka kesho."

Akavua miwani. "Ndugu, damu haina kalenda."

Nikaona aibu, maana kwa kweli hata mimi nikijisikia nikilisema naona ni upuuzi. Lakini kwa haki niseme: alikuwa na uwezo wa kung'oa na kutufukuza, hakufanya. Alimchoma sindano ya kupunguza uvimbe na kusema, "Mpelekeni Dar. Ila msikawie. Uvimbe huu ukishuka shingoni utamziba pumzi." Nje Zuhura akanitazama, na mimi nikatazama barabara. Jino likibaki, litamnyonga. Likitoka, atafuata njia ya Hamisi. Hayo ndiyo mambo mawili tuliyopewa kuchagua, na usafiri juu yetu.

Lindi mpaka mtoni

Basi letu lilikuwa na dereva mwenye subira kubwa, hasa kwa mambo yasiyomuuma yeye. Lilikwama mara nne. Nilikuwa nimewaambia watu mara sita, lakini nimehesabu tena, ni nne. Tulipofika Rufiji maji yalikuwa yamejaa, na pantoni limefungwa ng'ambo ya pili, wenyewe wanatupungia mkono. Tukakaa hapo siku mbili na nusu.

Chakula kilikuwepo. Kambale wa kuchoma, mihogo, ndizi. Zuhura alikuwa anakunywa uji tu, usio na sukari, maana sukari siku zile ilikuwa ni habari unayosikia kutoka mikoa mingine. Mama mmoja wa Somanga, sikumjua wala hakunijua, alimpa karafuu abane jinoni, akawa anamkorogea uji kila asubuhi bila kuulizwa. Yeye simwekei neno lolote la kejeli. Sina.

Wengine sasa. Mtu akiugua jino katikati ya abiria hamsini wasio na kazi, ajue amepata waganga hamsini. Mmoja alisema tumbaku. Mwingine maji ya betri. Utingo wa basi, kijana mwenye mikono minene, akaleta plaizi ya gari, ameifuta grisi kwa heshima ya mgonjwa, akasema yeye amewahi kung'oa misumari migumu kuliko jino. Nikawaeleza habari za Hamisi. Wakasikitika sana. Halafu mzee mmoja, nadhani alikuwa mjumbe mahali fulani kwa jinsi alivyosimama, akasema jambo hili ni letu sote, basi tuliamue kwa pamoja. Wakapiga kura. Kwa mikono. Ikapita kwa kauli moja kwamba jino ling'olewe. Mwenye jino hakuulizwa, pengine kwa sababu alikuwa na upendeleo.

Zuhura akanyoosha mkono, akaomba kwa ishara aione ile plaizi. Utingo akampa, ameona mgonjwa amekubali maamuzi ya wengi. Zuhura akaigeuzageuza, akatembea nayo mpaka ukingoni, akaitupa mtoni.

Mkutano ukafungwa.

Mtoni mpaka Kariakoo

Hapa nimtendee haki dereva. Tulipovuka na kupita Kibiti, waya fulani ulikatika chini ya basi, kitu kidogo, dereva akasema kwa plaizi ni kazi ya dakika tano. Abiria wote wakageuka kumtazama Zuhura. Tulikaa chini ya jua mpaka alasiri, tukisubiri lori lolote lenye plaizi, na sikuona wa kumlaumu hata mmoja. Au labda mzee wa kura.

Tuliingia Kariakoo asubuhi ya siku ya sita. Aliyekaa huko atacheka, lakini mimi kila ninapofika nadhani kuna moto mahali, watu wanakimbilia kuuzima. Mjomba wetu Bakari ana chumba na ukumbi karibu na soko, na nje barazani ndipo anapotengeneza majiko ya mkaa. Ndiye kaka pekee wa mama aliyebaki, na mnajua kwetu mjomba ana neno kuliko baba. Mjomba Bakari analo hilo neno moja, na mengine mia ya kulisindikiza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Huyu ndiye mtoto wetu? Mbona mmemleta amevimba?"

Nikamwambia ndiyo maana tumemleta.

"Hapa mmefika," akasema. "Hapa Dar madaktari mpaka wanagombania wagonjwa."

Kariakoo mpaka hospitali

Hawakuwa wanagombania. Tulipanga foleni tangu alfajiri mpaka jua la utosi, na foleni ile naisifu, ilikuwa na utaratibu kuliko foleni zote nilizopanga mjini, za unga zikiwemo. Kila mtu alijua anayemtangulia anaumwa nini.

Daktari wa meno alitazama, akasema leo hii litoke, uvimbe umefika chini ya taya. Nikasema habari yangu ya kesho. Akaita mwenzake, daktari kijana ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Huyu naye akamdunga Zuhura, akatazama saa, damu ikakoma. Nikajua sasa nitaambiwa habari ya kalenda kwa mara ya pili.

Akaniuliza, "Nani anasema inatoka kesho?"

Ninyi mnalijua daftari langu, mmelicheka vya kutosha. Naandika mvua, bei ya korosho, nani amegombana na nani. Nilikuwa nalo mfukoni. Nikasita, maana humo pia nimewasema madaktari vibaya, wa Lindi na wa hapo hapo waliokuwa wakipita nikiwa kwenye foleni. Nikampa. Alisoma amesimama. Mtoto wa kitovu, nilivyosimuliwa na mama. Hamisi, siku hadi siku. Jembe la Zuhura. Na mimba zake tatu, zote zilizotoka kwa damu nyingi, mpaka mumewe akamrudisha kwetu akisema ana mkosi. Hizo niliziandika kwa kifupi, sikujua kama inafaa mwanamume kuandika.

"Siku ya pili," akasema Dokta. "Kila mahali umeandika siku ya pili."

"Ndiyo."

"Na hapa umeandika mimi nina miwani ya fundi cherehani."

"Samahani."

"Si uongo," akasema, akarudisha daftari.

Alichukua damu ya Zuhura kwenye kichupa cha kioo, akachukua na ya kwake mwenyewe kwenye kingine. Zote zikaganda. Akazimiminia maji ya dawa na kutuambia turudi kesho. Kesho yake akatuonyesha. Bonge la damu yake limekaa vilevile kama ini. La Zuhura limeyeyuka lote kama sukari, kwa wanaokumbuka sukari.

Alinieleza mara tatu, nami nitawapa nilichobaki nacho. Damu ikitoka, mwili unajenga ukuta. Matofali ya Zuhura yanapangika sawa na ya watu wote, ila udongo wa kuyashikanisha haupo, basi ukuta unasimama siku moja, halafu unaanguka. Ndiyo maana anayetazama kwa saa anaona mzima. Kitu hicho kina namba, ni cha kumi na tatu. Nikamuuliza kumi na mbili vilivyotangulia viko wapi. Akasema vipo vyote, havina tatizo. Kwa hiyo tumesafiri siku sita kwa ajili ya kile cha mwisho.

"Baba na mama yenu ni ndugu?" akauliza.

"Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi."

"Basi kila mmoja wao alikuwa na nusu. Nusu inamtosha mtu kuishi bila kujua. Zuhura amerithi upungufu wa pande zote mbili. Si mkosi wala si kosa lake."

Zuhura alifunga macho. Nilidhani ni jino.

Dawa yake ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoogopa. Chupa moja tu ya damu ya mtu mwingine, watenge yale maji yake ya manjano, wamtilie, kisha jino litoke. Lakini friji lao siku hiyo halikuwa na kundi lake, ambalo ni O. "Leteni mtu," akasema Dokta. "Kesho asubuhi, isizidi hapo. Uvimbe haunisubiri."

Kisha akasema jambo jingine, ila mimi nilikuwa tayari mlangoni kwa furaha.

Kariakoo na watu saba

Kosa lililofuata nalibeba mimi, ingawa Mjomba Bakari aliligharamia. Nilimwambia inatakiwa damu. Mjomba akainuka. Mnajua kwetu, mtu akihitaji damu ni ukoo unaitwa. Jioni ile alipita Ilala, Mchafukoge na Magomeni, na asubuhi barazani walikuwepo ndugu saba, wote wa ukoo wa mama yetu, wamevaa kanzu safi kana kwamba tunakwenda kuposa. Mmoja alikuwa mgonjwa kuliko Zuhura, lakini hakukubali kuachwa.

Tulikwenda kwa miguu, Mjomba mbele. Dokta alitutazama kwa furaha sana, akauliza, "Hawa nani?"

"Ndugu zake," Mjomba akasema. "Wa damu. Saba. Hakuna mtu baki hata mmoja."

Dokta akashika paji la uso. Akanigeukia. "Nilikwambia asiwe ndugu."

Hilo ndilo lile jambo jingine.

Akajaribu kueleza. Ndugu wa ukoo ule ule huenda nao wana nusu tu bila kujua, au pungufu, na yeye hana namna ya kupima nusu, wala hatabahatisha kwa mgonjwa aliyebakiza siku moja. Anataka mtu wa mbali. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Yaani damu yetu ni mbovu."

"Sijasema mbovu, mzee."

"Umesema ya mtu wa barabarani ni bora."

"Kwa huyu, ndiyo."

"Damu ikiingia, undugu umeingia. Wazee walikuwa wanachanjiana kwa tone moja na wanazikana. Wewe unataka chupa nzima. Nani huyo atakayekuwa ndugu yetu, na tumjue lini?"

Simcheki Mjomba hapa. Mimi pia nimelelewa hivyo, na nilipomsikia niliona ana hoja. Nilisimama katikati nikiona kila mmoja ana hoja, kama kawaida yangu, na shavu la Zuhura likizidi.

Nje, wale saba wakaketi ukutani, hawajui waende wapi na damu yao. Mgambo akatokea. Siku zile mtu akikutwa amekaa saa za kazi ilibidi aeleze.

"Nyie ndugu, mbona mnazurura?"

"Tumekuja kutoa damu," akasema mmoja.

"Mbona bado mnayo?"

Ilichukua nusu saa na barua ya Dokta kuwaokoa. Baada ya fedheha hiyo tuliwarudisha Kariakoo, ikabidi walishwe. Mjomba akaniagiza samaki kumi, Feri, haraka. Waliotoa damu hawakuwepo, lakini wa kula walikuwepo.

Kariakoo mpaka Feri

Nilikata Mnazi Mmoja nikashuka mpaka Feri, njia nzima nikitazama watu baki. Mji umejaa watu baki. Nikawa najiuliza mtu anasimamishwaje: samahani, ndugu, una kundi gani? Nilimsalimia mmoja kwa nia hiyo, akabana mfuko wake. Nikaacha.

Feri kulikuwa na moshi wa mafuta na mama mmoja wa makamo mbele ya karai kubwa, kifua kama ngome, anageuza samaki kwa waya.

"Shikamoo, mama. Naomba samaki kumi."

"Marahaba. Kumi? Harusi?"

"Hapana."

"Msiba?"

"Bado."

Waya ukasimama. "Hiyo bado yako ni ya kusini. Unatoka wapi?"

"Nachingwea."

"Mmwera?"

"Ndiyo."

Akageukia wenzake. "Njooni muone. Babu yangu alimteka babu yake, leo mimi namkaangia samaki. Dunia imeharibika."

Ndipo nikajua ni Mngoni, na ni mtani wangu. Jina lake Mama Fransiska, mzaliwa wa Songea. Mtani hakasirikiwi, nanyi mnajua, ingawa siku ile ningependa ruhusa ya nusu saa. Nikamjibu kwamba babu yake aliteka watu kwa sababu kulima alikuwa hajui. Akafurahi, akaniongezea mkia wa samaki.

"Haya, nani mgonjwa?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yote, mpaka vichupa, mpaka wale saba ukutani. Aliendelea kukaanga.

"Damu ya Mmwera ikiisha si mnachota kisimani?"

"Kisima kimekauka, mtani."

"Kundi gani wanataka?"

"O."

Akatoa samaki wa mwisho. Alishawahi kumtolea dada yake aliyejifungua kwa shida, kwa hiyo kundi lake alilijua. Akafunika karai, akamwambia jirani amwangalizie, akajifunga kanga ya pili. "Twende," akasema. "Na samaki walipie kwanza. Damu ni bure, kibua si bure."

Feri mpaka hospitali

Njiani nilimtahadharisha kuhusu Mjomba. Akasema amewazika Wamwera wengi, mmoja zaidi hamwogopi.

Mjomba alikuwa amerudi wodini, Zuhura ameshalazwa, naye ameketi kitandani kwake kama mlinzi. Shingo ya mgonjwa ilikuwa imejaa, pumzi inapiga mluzi. Nikasema, "Mjomba, huyu ni Mama Fransiska. Mngoni." Mjomba akasimama, akarudi nyuma hatua moja.

"Nani kamwita mtani? Sele, una akili? Mtani haji kwa mgonjwa. Mtani anakuja kwenye msiba."

"Nimeona uvivu kusubiri," akasema Mama Fransiska. "Wewe ndiye Bakari?"

"Ndiye."

"Ungekuwa wewe ndiye umelala hapo, ningesubiri."

Wodi nzima ikacheka, hata mama mmoja mwenye mguu wa plasta. Mjomba akajaribu kubaki mkali.

"Mama, damu ni undugu. Hatuwezi kuchanjiana hivi hivi na Wangoni."

"Undugu na nyie nani anautaka? Damu natoa. Undugu wangu nabaki nao."

"Na pombe unakunywa."

"Sana. Ataamka anaimba."

Mjomba akatafuta pa kushika, akakosa. Akikasirika, ni aibu, amekasirikia mtani. Akisema undugu utaingia, mwenye damu ameshaukataa mbele ya mashahidi ishirini. Akamtazama Dokta. Dokta, ambaye ni mtu wa huko kaskazini na sidhani alielewa kitu, akasema, "Huyu ni ndugu yenu?"

"Hasha," wakasema Mjomba na Mama Fransiska kwa pamoja.

"Basi anafaa."

Zuhura akamshika Mjomba mkono. Kwa kinywa kisichofunguka akasema neno moja tu, "Niache," na Mjomba akaketi.

Walimpima Mama Fransiska, wakachukua chupa moja. Alipotoka alidai chai na kulalamika kwamba chai ya hospitali haina sukari, kana kwamba hakai mji huu. Maji ya damu yake, ya manjano kama mafuta ya kula, yakaning'inizwa, yakaingia kwa Zuhura tone kwa tone. Alasiri jino likatoka na usaha wake. Nilionyeshwa. Dogo, jamani. Dogo kabisa.

Siku ya pili

Damu ilikoma palepale, na hakuna aliyeshangilia. Sote tulijua hiyo si habari.

Hamisi damu ilimwanza saa tano asubuhi. Basi kesho yake kuanzia saa tatu nilikuwa kitandani kwa Zuhura na daftari, na kila robo saa nikawa namwambia fungua kinywa. Shimo lilikuwepo, na bonge jeusi limeketi ndani. Mate nilimtaka ateme kwenye bakuli, nikawa nayatazama kwenye mwanga wa dirisha. Meupe. Saa tano ikafika. Mwandiko wa saa hiyo siwezi kuusoma mwenyewe. Saa tano na robo.

"Fungua."

"Kaka, ukinifunua tena nakung'ata."

Ndiyo maneno yake kamili ya kwanza tangu kijijini. Nilitoka nje nikasimama ukutani pale walipokaa wale saba, na mgambo angetokea ningemwambia ndiyo, nazurura.

Siku ya tatu hakuna kitu. Siku ya nne, ile ya kaburi la Hamisi, Zuhura alikula samaki mzima wa Mama Fransiska na kunyonya miiba. Mjomba alikuja na ndugu zake wote kumtazama, na nilimsikia akimweleza mwenye mguu wa plasta jinsi ukoo wetu ulivyojitahidi kumpata mtani mwenye damu nzuri. Kwa haki, kutembea Magomeni kwa usiku mmoja si mchezo.

Kabla hatujatoka Dokta aliketi na Zuhura, si na mimi. Akamwambia maji yale yanadumu mwilini wiki tatu au nne, kisha yanakwisha, na atarudi alivyokuwa. Akijikata, akitolewa jino, aje. Na akishika mimba aje mapema, atiliwe kila mwezi mpaka azae. Wapo wanawake wa namna yake waliozaa hivyo, alisoma.

"Nikiwa Nachingwea?" Zuhura akauliza.

Dokta akafuta miwani yake ya uzi. "Nachingwea ni mbali," akasema.

Kariakoo mpaka stendi

Nilikata tiketi mbili. Zuhura alikuwa ameniambia mara mbili kwamba harudi, nikadhani ni utani, kwa sababu siku zile alikuwa anashinda Feri kwa Mama Fransiska, anaparua samaki na kutukanwa. Mjomba aliunga mkono arudi, baadaye akaunga mkono abaki. Na mimi, nikiwa mkweli, nilitaka arudi kwa sababu niliogopa kuwaeleza ninyi.

Asubuhi ya safari alikuja stendi amebeba furushi. Nikafurahi. Furushi lilikuwa samaki wakavu wa kwangu.

"Zuhura, nyumbani una ndugu."

"Ninao wengi," akasema. "Wote wananipenda, na hakuna hata mmoja anayeweza kunisaidia nikitoka damu. Hapa yupo mmoja anayenitukana kutwa, na anaweza."

"Na mume?"

"Sijasema mume. Nimesema nataka nikae mahali ambapo nikipata mtoto atabaki."

Mnajua mimi jibu hunijia siku ya pili, na mara hii siku nyingi zimepita na bado. Utingo akapiga ubavu wa basi. Zuhura akaniamkia kama anavyoniamkia tangu mdogo, akarudi nyuma kwenye watu, na shavu lake lilikuwa la kawaida kabisa, sijui kwa nini nililitazama hilo.

Nilipanda. Tulipokuwa tunaondoka mwanamke mmoja mwenye bata kikapuni akasimama mbele yangu, akaniuliza kiti cha pembeni kina mtu.

"Kilikuwa naye," nikamwambia. "Keti tu, mama. Ameshafika."